Ahadi Isiyoandikwa: Kisa cha Daktari Kirk na Seyyid Barghash

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Unguja. Siku nne baadaye kamanda wao, Komodoo Paschen, alimpa Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, saa 24: aondoe malalamiko yake kuhusu nchi za bara ambazo Ujerumani ilikuwa imezitangaza kuwa chini ya himaya yake, na awarudishe askari wake. Barghash alikuwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza afanyeje. Mtu huyo hakuwa mwanawe wala nduguye, na hakuwa kadhi wala liwali. Alikuwa Mskoti, daktari kwa elimu yake, ambaye wakati huo alikuwa balozi wa Uingereza kisiwani: John Kirk. Maagizo aliyokuwa nayo Kirk kutoka London yalikuwa na neno moja ndani yake: Sultani akubali.

Naomba tukitazame kisa hiki vizuri, kwa sababu tumezoea kukisikia nusunusu. Wanaomsifu Kirk huishia mwaka 1873, soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa. Wanaomlaani huanzia 1885, bara ilipoondoka mikononi mwa Unguja. Mimi naona ni kisa kimoja. Mlango uliofunguka 1873 ndio ulioingiliwa 1885, na aliyeshika funguo mara zote mbili ni mtu yule yule.

Kirk alizaliwa mwaka 1832 huko Barry, mashariki ya Scotland, baba yake akiwa mchungaji. Alisomea udaktari Edinburgh, akahitimu 1854, kisha akaenda kutibu majeruhi wa vita vya Crimea katika hospitali ya Waingereza kwenye mlango bahari wa Dardanelles. Mapenzi yake makubwa lakini yalikuwa mimea. Mwaka 1858 akajiunga na msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi akiwa daktari na mtaalamu wa mimea, na humo akakaa miaka mitano ya tabu. Mwaka 1860 mtumbwi wake ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, akaponea chupuchupu. Daftari zake na mimea aliyoikusanya kwa muda mrefu vikachukuliwa na maji. Katika shajara yake aliandika kwamba haoni maelezo mengine ila Livingstone amerukwa na akili.

Huo mto ulimfunza jambo ambalo ukimsoma vizuri utaliona tena Unguja. Livingstone alikuwa mtu wa kusukuma kila kitu kwa nguvu hata pale njia ilipokataa. Kirk alitoka Zambezi akiwa kinyume chake: mtu wa kungoja, wa kuandika kila siku, wa kutosema yote. Sifa hizo humfaa daktari, na kumbe humfaa zaidi mwanasiasa.

Alifika Unguja mwaka 1866 kama daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza. Kazi yake rasmi ilikuwa kutibu maofisa. Lakini mji ule haukumwacha mtu na kazi moja. Daktari aliingia nyumba ambazo wengine hawakuzikanyaga, akajua nani mgonjwa, nani anadaiwa na Wahindi, jahazi la nani limeondoka usiku na limebeba nini. Ndani ya miaka michache Kirk alikuwa naibu wa balozi, na balozi Churchill alipoondoka kwa maradhi mwishoni mwa 1870, daktari akabaki peke yake na ofisi nzima mikononi.

Mwezi Oktoba mwaka huohuo Seyyid Majid alikuwa amefariki, na ndugu yake Barghash akashika kiti. Barghash hakuwa mgeni kwa Waingereza, na hakuwa na sababu ya kuwapenda. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua Majid, na walioivunja nguvu yake pale kwenye shamba la Unguja lililoitwa Marseilles walikuwa mabaharia wa Kiingereza. Wakampeleka uhamishoni Bombay. Safari hii Waingereza hawakumzuia, wakiamini kwamba amekubali kuwasaidia dhidi ya biashara ya watumwa. Alipokwisha kukaa kitini, akasema hakuahidi kitu. Churchill alikasirika kiasi cha kutaka aondolewe. Kirk hakupandisha sauti. Aliendelea kwenda kwake, kuzungumza, kurudi, kungoja.

Kisha ikaja tufani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kwa namna ambayo hakuna mzee aliyewahi kuiona. Majahazi na meli za Sultani zilivunjwa bandarini. Mikarafuu na minazi ya kisiwa iling'olewa, inasemekana theluthi mbili yake, Pemba ikanusurika. Mkarafuu haurudi kwa msimu mmoja, huchukua miaka kabla haujazaa. Kwa hiyo mwanzoni mwa 1873, alipofika mjumbe wa London, Sir Bartle Frere, akiwa na rasimu ya mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, alimkuta mfalme ambaye hazina yake imekauka, ambaye ushuru wa watumwa ulikuwa sehemu ya pato lake, na ambaye Waarabu wenye mashamba walikuwa wanamtazama waone kama atawauza.

Barghash alikataa. Hoja zake zilikuwa za wazi: nchi imevunjwa na tufani, watu wake wataasi, apewe muda. Nyuma ya hoja hizo alikuwa pia akitazama upande wa Ufaransa, ambako alidhani kuna msaada. Alisema, kwa jinsi maneno yake yalivyohifadhiwa, kwamba ni kama mikuki miwili imeelekezwa machoni pake na anaulizwa achague upi umchome. Frere akaondoka mikono mitupu, amekasirika.

Aliyemaliza kazi alikuwa daktari. Mwanzoni mwa Juni maagizo yalimfikia Kirk: kama Sultani hatatia saini, manowari zitakizingira kisiwa. Kirk akaenda kasri. Hapo ndipo pa kumtazama mtu huyu kwa karibu. Hakwenda kujadili, na alimwambia hivyo. Barghash aliomba apewe ruhusa ya kwenda mwenyewe London kumlilia Malkia. Kirk akamjibu kwamba safari hiyo haitazuia chochote, mzingiro utaanza hata yeye akiwa njiani. Lakini hakumtukana, wala hakumtisha mbele ya watu wake. Alimwacha aende kwa washauri wake, akahakikisha nao wanaelewa maana ya kisiwa kisicholima chakula cha kutosha kuzibwa baharini. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia saini. Soko la Mkunazini likafungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka uleule jiwe la msingi la kanisa la UMCA, wamisionari wa Kianglikana, likawekwa papo hapo palipokuwa soko.

Nasimama hapa kidogo, maana sitaki nieleweke vibaya. Makisio ya wakati ule yalitaja kiasi cha watu 20,000 kwa mwaka waliopitishwa Unguja kama bidhaa. Wanyasa, Wayao, Wamanyema, watoto waliotembezwa miezi mitatu wakiwa wamefungwa minyororo, wakapakwa mafuta ya nazi ili wang'ae mbele ya mnunuzi. Kama kuna tarehe moja ya karne ile inayostahili kukumbukwa pwani hii, ni hiyo 5 Juni. Hasara ya Barghash haiwezi kuwekwa mizani moja na hasara ya mtoto aliyeuzwa Mkunazini. Mkataba ulikuwa haki. Ninachokichambua ni kile ambacho aliyetia saini alidhani anakipata badala yake.

Kwa sababu alikipata kitu, au aliamini hivyo. Baada ya 1873 Barghash hakuwa na njia ya kurudi kwa Waarabu wenzake akawa kama zamani. Alikuwa ameshayavulia nguo maji, akaamua kuyaoga. Akamfanya Kirk mshauri wake wa karibu kuliko wote. Mwaka 1875 alikwenda Uingereza, Kirk akiwa naye. Mwishoni mwa mwaka huohuo majeshi ya Misri yaliposhuka Barawa na Kismayu kunyakua pwani ya kaskazini, London ilimbana mtawala wa Misri, Khedive Ismail, mpaka akawaondoa. Barghash aliona kwa macho yake: rafiki amefanya kazi ya rafiki. Mwezi Aprili 1876 akatoa amri mbili za kupiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara na kuwatembeza watumwa kwa miguu pwani, njia ambayo wafanyabiashara walikuwa wameigeukia tangu bahari ifungwe. Amri hizo zilimpa maadui Kilwa na kwingineko. Mwaka 1877 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Lloyd Mathews, akaanza kumuundia jeshi la mtindo wa Kizungu.

Watu wa mjini walikuwa wakisema kwamba zumari ikipigwa Unguja hucheza hadi walioko Maziwa Makuu. Miaka ile, aliyeishika zumari alikuwa Barghash, lakini wimbo ulikuwa unachaguliwa na watu wawili. Balozi za mataifa mengine zililalamika kwamba mtawala wa kweli yuko nyumba ya Waingereza, Mambo Msiige pale Shangani. Kulikuwa na ukweli ndani yake. Kirk alikuwa na bustani, alikuwa na kamera, alipeleka mbegu na majani makavu Kew, bustani ya mimea ya London, kila meli ilipoondoka. Kima punju wa Unguja hadi leo anabeba jina lake katika vitabu vya wanasayansi. Huku akiendesha dola.

Sasa tulitazame shimo lenyewe. Katika urafiki huu wote, Uingereza iliandika nini? Barghash aliandika na kutia saini mkataba wa 1873, akaandika amri za 1876. Upande wa pili karatasi ilikuwa moja tu, ya zamani: tamko la Machi 1862 ambalo Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Lisome polepole. Ni ahadi ya Uingereza kwa Ufaransa, na ya Ufaransa kwa Uingereza. Ujerumani haimo. Mipaka ya hiyo Zanzibar haikutajwa: ni visiwa tu, ni pwani, au ni mpaka Ujiji ambako bendera yake nyekundu ilipepea kwa liwali mmoja na askari wachache?

Barghash hakuwa mjinga, na mara mbili alijaribu kuligeuza neno kuwa maandishi. Mwaka 1877 alikuwa tayari kumkodisha bara tajiri wa meli William Mackinnon kwa miaka 70, ushuru na utawala pamoja, bendera ikibaki yake. Mpango ulikufa kwa sababu serikali ya London haikuuunga mkono. Mwaka 1881 aliomba Uingereza iwe mlinzi wa urithi wa kiti chake kwa wanawe. Serikali ya Waziri Mkuu Gladstone ikakataa. Kirk alijua maombi yote haya, alitamani yafanikiwe, aliandika kuyatetea. Kilichobaki baada ya majibu hayo mawili kilikuwa imani ya mtu kwa mtu. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kosa kubwa la kisa hiki lilipo, na ni la wote wawili. Barghash aliendelea kumchukulia Kirk kana kwamba yeye ndiye Uingereza. Kirk hakumwambia kwa uwazi unaotosha kwamba siye.

Tena kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kimebadilika bila kelele. Mwaka 1879 waya wa simu ya chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Kabla ya hapo barua ya kwenda London na kurudi ilikula miezi, na balozi mwerevu aliamua mambo kwanza akaeleza baadaye. Sehemu kubwa ya ukubwa wa Kirk ilitokana na umbali huo. Waya ulipofika, aliyekuwa akitawala kwa busara yake akawa karani wa busara ya wengine. Barghash, nadhani, hakuyaona mabadiliko haya, kwa sababu mtu aliyekuja kumsalimia asubuhi alikuwa yule yule.

Novemba 1884 kijana mmoja wa Kijerumani, Carl Peters, alipita Unguja na wenzake kwa siri, wakavuka bara, na kwa wiki chache wakakusanya karatasi za machifu wa Usagara, Nguru, Useguha na Ukami. Machifu waliweka alama chini ya maandishi ambayo hawakuweza kuyasoma. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari alizitia muhuri karatasi hizo. Aprili Barghash alimpelekea Kaizari simu ya kupinga: nchi hizo ni zetu tangu wakati wa baba zetu. Alimtuma Mathews hadi Kilimanjaro, na machifu 25 akiwemo Mandara wa Moshi wakakiri kuwa chini ya Sultani. Yaani alifanya kila alichofundishwa na marafiki zake: maandishi, mashahidi, bendera.

Lakini London ilikuwa na shughuli nyingine. Khartoum ilikuwa imeanguka Januari mwaka ule, Uingereza ilikuwa imekwama Misri na ilihitaji kura ya Bismarck, Kansela wa Ujerumani, katika madeni ya huko. Machi Gladstone alisimama bungeni akawatakia Wajerumani heri ya Mungu ikiwa wanataka kuwa na makoloni. Kwa bei hiyo Usagara ilikuwa kitu kidogo sana. Maagizo yakaanza kumiminika kwa waya: Kirk awe mwangalifu, asimruhusu Sultani kuipelekea Ujerumani maneno ya uadui, ashirikiane na balozi wa Kijerumani.

Kirk alilalamika kwa wakubwa wake. Aliwaeleza kwamba kazi ya miaka 15 inabomolewa. Kisha akatii.

Turudi basi kwenye Agosti 1885. Mizinga iko mbele ya nyumba ya Beit al-Ajaib, iliyokuwa mpya bado. Katika meli moja ya msafara ule yumo mwanamke ambaye mji mzima unajua habari zake: Salme binti Said, dada yake Barghash, aliyetoroka 1866 kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani na sasa anaitwa Emily Ruete. Bismarck alimweka pale kama kisingizio cha madai, na kama kidole jichoni. Barghash anamtazama Kirk. Mwaka 1873 Kirk alimwambia kwamba manowari zitakuja asipotia saini, na alitia. Sasa manowari zimekuja, za taifa jingine, na Kirk anamwambia tena atie. Akakubali.

Tume ya mipaka iliyofuata ilikuwa na Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Mwenye nchi hakuwa na kiti mezani. Mwishoni mwa 1886 London na Berlin zikaafikiana: Sultani abaki na visiwa, ukanda wa pwani wa maili kumi kwenda ndani, na miji michache ya kaskazini kama Kismayu, Barawa, Merka na Mogadishu. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mto Umba, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro, ukaenda hadi ziwa Victoria. Kirk hakuwepo kushuhudia Barghash akiweka saini ile ya Desemba. Alikuwa ameondoka Julai kwa likizo, na hakurudi tena kwenye kazi yake.

Je, angeweza kufanya vingine? Wapo wanaosema angejiuzulu. Angejiuzulu, manowari zingebaki pale pale, na balozi mwingine angesoma waya ule ule. Mimi simlaumu kwa Agosti 1885. Namlaumu kwa miaka ya kati, ile ya starehe, 1876 mpaka 1884. Daktari akiona dawa haipo dukani humwambia mgonjwa atafute kwingine. Kirk alijua tangu 1881 kwamba serikali yake haitaki kufungwa na ahadi. Siku zile Barghash angeweza kugonga milango mingine, Ufaransa, Marekani, hata Ujerumani yenyewe kabla ya Peters, akauza urafiki wake kwa bei. Badala yake Kirk alitumia heshima yake kuifunga milango hiyo mmoja mmoja, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi aliyolipwa kuifanya. Hilo halikuwa tiba. Lilikuwa siasa, na aliifanya vizuri mno.

Naye Barghash asiachwe. Mtu aliyeleta maji ya bomba mjini na meli za Hija, aliyejua thamani ya kila gati, aliijenga bara yake juu ya misafara na sifa. Hakuwa na ngome ndani. Alitawala kwa jina lake kuheshimiwa, na jina halizuii mzinga.

Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, katika kumbukumbu zake alizoziacha kwa Kiswahili, anasimulia alivyomkuta Sultani siku zile za mwisho aliporudi kutoka Manyema. Barghash alimwomba msamaha. Alimwambia haitaki bara tena, kwa kuwa Wazungu wanataka kumnyang'anya hata Unguja yenyewe, na kwamba waliokufa bila kuyaona haya wamepumzika. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hana tena wa kumuuliza afanyeje.

Mei 1887 alimkodisha Mackinnon pwani ya kaskazini, mpango uleule alioutamani miaka kumi nyuma, sasa ukiwa umebaki maili kumi za ukanda. Machi 1888, akiwa amerejea kutoka Oman alikokwenda kutafuta nafuu, akafariki. Kampuni ya Mackinnon ilipata hati ya kifalme mwezi Septemba, na miongoni mwa wakurugenzi wake alikuwa Sir John Kirk. Baadaye aliingia pia katika kamati iliyosimamia ujenzi wa reli kutoka Mombasa kwenda Uganda, juu ya nchi ambayo zamani aliiandikia London kwamba ni ya Sultani.

Aliishi muda mrefu, Sevenoaks, kusini mwa Uingereza, na mimea yake. Alifariki tarehe 15 Januari 1922, ana miaka 89. Utumwa wenyewe, ule wa nyumbani na mashambani ambao mkataba wa 1873 haukuugusa, ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya 1907. Tanganyika ulifutwa 1922, mwaka aliokufa daktari.